Ujumbe wa Busi Uliokuja Bila Salamu

Vijana, nianze na ninyi kabla sijafika kwetu. Juzi mpangaji mwenzangu hapa Majengo, mwanachuo mwenye kompyuta ya mapajani, alikuwa kibarazani anajenga programu kutoka kwenye chanzo chake, yale maandishi ya aliyeitunga. Mashine ikamwambia kuna maktaba haipo. Sikumwona akisoma. Alinakili lile kosa, akalipeleka mtandaoni, akachukua amri ya mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, akaibandika, akabonyeza. Ikakataa. Akachukua ya mtu mwingine. Ni kama mgonjwa anayemeza kila kidonge anachookota njiani, akitumaini kimojawapo ni cha ugonjwa wake.

"Shikamoo bibi," akasema aliponiona namtazama. "Hii mashine ina roho mbaya."

Marahaba. Mashine haina roho. Wewe ndiye huna macho.

Hapo nimemwonea kidogo. Alikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi ileile, na mwisho alifanikiwa. Lakini nilipomuuliza ilikuwa inakosa nini, alijibu, "Sijui bibi, ila sasa inakubali." Neno hilo, inakubali, nililisikia zamani kwa mtu mwingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi ni wa darasa la saba. Niliajiriwa kuendesha simu ya upepo, na kompyuta ilinikuta kazini, sikuifuata. Nikikosea jina la kitu, wenye vyeti mtanirekebisha. Shajara naandika tangu usichana, na kila nikirudi nyuma nakuta nilikuwa na uhakika mkubwa wa mambo ya uongo. Kwa hiyo haya nimeyapima kwanza, na bado sijui kama nimeyapima vya kutosha.

Maktaba ninayoisema si ya vitabu. Ni kipande cha programu ambacho mtu ameshakiandika, na wengine wanakiazima badala ya kuhangaika kuandika chao. Kwetu Ugogo si kila nyumba ilikuwa na kinu. Ukitaka kutwanga unakwenda kwa jirani. Programu nazo ndivyo zilivyo. Kazi ya kubana maneno ili yapite haraka iko kwa jirani huyu, kazi ya kupanga herufi iko kwa yule. Ukiijenga mwenyewe, lazima kila jirani awe nyumbani. Akikosekana mmoja, mashine inasimama na kukuandikia Kiingereza.

Sasa ofisi yetu. Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, kila kitu ama kinauzwa ama kinashuka kutoka Ulaya kikiwa kimeshatumika. Suruali za mtumba, mabasi ya mtumba, na kwetu kompyuta ya mtumba. Tulikuwa bohari ndogo ya dawa ya watu wa misheni, mjini Dodoma, nyuma ya soko, tukihudumia zahanati za mbali, upande wa Mpwapwa na upande wa Kondoa mpaka Busi. Asubuhi mimi nilikaa na kipaza sauti nikiandika nani kaishiwa nini, katikati ya mikwaruzo ya hewani na kelele za wapakia mtama nje. Makosa yalikuwepo, siwezi kukana. Na kosa kabla ya mvua lilikuwa kosa zito. Barabara ya Busi ilikuwa inakatwa na mito, na kile ambacho hakikupanda lori la mwisho hakikufika mpaka maji yapungue.

Ndipo wafadhili wakaleta programu ya kutuma barua za kompyuta kwa njia ya redio. Ni huria, wakasema, ni ya bure, chanzo chake hiki hapa, mnaijenga wenyewe. Mratibu wetu alisikia "bure". "Mnaijenga" haikumfikia. Zahanati zilipewa kompyuta kuukuu zilizokwisha kuwekwa programu hiyo huko huko Ulaya. Ya kwetu Dodoma ilikuwa ya aina nyingine, kwa hiyo ndiyo iliyobaki kujengwa.

Aliyepewa kazi ni Lameck, fundi redio wetu. Nitamsema sana Lameck, kwa hiyo nianze na haki yake. Mkono kama wake wa kulehemu sijauona tena, na mlingoti wa Mpwapwa aliusimamisha akiwa na homa. Lakini alikuwa mtu wa kusema "hiyo ndogo" kabla hajasikia swali.

Mashine ikamwambia inakosa maktaba fulani. Lameck akapiga simu Dar kwa mtu wa wafadhili. Yule akaiweka kwenye disketi, disketi kwenye bahasha ya kaki, bahasha mkononi mwa kondakta wa basi. Tukaenda stendi kuipokea. Tukaiweka. Mashine ikasema inakosa nyingine. Tena simu, tena bahasha, tena stendi na vumbi lake. Kondakta akatuzoea, akawa anatusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, watu wa disketi! Leo nimewaletea kipande gani cha hiyo gari yenu?"

Alidhani tunaunganisha gari kidogo kidogo. Sikumsahihisha. Lingekuwa gari lingekuwa limeshafika Singida.

Aliyetutoa kwenye ujinga huo ni Bwana Tesha, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Dodoma na asiyeipenda, si upepo wake wala maji yake ya chumvi. Alikuwa amesomea kompyuta nje. Alikuja kwetu jioni jioni baada ya kazi, kwa wema, au kwa sababu nyumbani hakuwa na wa kubishana naye. Nadhani vyote viwili.

"Dada Seche," aliniambia, "mtu akikwambia nyumbani hakuna chumvi, ukaenda dukani, ukarudi, akasema hakuna mafuta, ukaenda, ukarudi, akasema hakuna kiberiti. Utamfanyaje?"

"Nitamwambia aseme vyote kwa mara moja."

"Basi mwambie. Na kabla ya kumwambia, soma. Huyu aliyeandika programu kaandika na maelezo. Unadhani aliyaandika kwa ajili ya mama yake?"

Tukafungua maelezo. Maktaba zote zinazohitajika zilikuwa zimetajwa pale, ukurasa wa kwanza, na matoleo yake. Wote tulikuwa tumeupita ukurasa ule kama watu wanavyompita mlinzi wa getini.

Alinifundisha na haya, nami nawapa. Kosa la kwanza ndilo mzazi, yaliyolifuata ni watoto wake. Ninyi mnasoma la mwisho kwa sababu ndilo lililo karibu na kidole. Pandeni juu.

Halafu, kilio cha maktaba si kimoja. Mashine inaweza kulia mwanzoni kabisa, ikisoma chanzo, kwamba haioni maelezo ya maktaba. Hapo maktaba yenyewe unaweza kuwa nayo. Kinachokosekana ni karatasi inayoeleza namna ya kuiazima, na hiyo mara nyingi hufungashwa peke yake, kwa ajili ya wajenzi. Inaweza kulia mwishoni, wakati wa kuunganisha vipande, hapo kinu chenyewe hakionekani. Na inaweza kunyamaza ukadhani umemaliza, kisha ikalia siku unapoiwasha. Hapo maktaba haipo, au ipo mahali ambapo mashine haina desturi ya kutazama, au ni ya toleo lisilotakiwa. Ipo amri ya kuiuliza programu iliyokwisha kujengwa inamtegemea nani, nayo inakutajia majirani wote na asiyeonekana. Mtu asiyejua mashine inalia kilio kipi, anatibu jino kwa dawa ya macho.

Lameck alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Hayo ya chuoni," akasema. "Mimi natengeneza vitu."

Tukaagiza zilizobaki zote kwa pamoja, bahasha moja ikaja. Ikabaki maktaba moja tu, ile ya kubana na kubanua maneno. Programu ilitaka toleo la pili. Mashine yetu ilikuwa na la kwanza, na lile la pili mtu wa Dar alisema anangoja liletwe. Bwana Tesha akaenda likizo kwao Moshi. Mawingu yakaanza kukaa vibaya upande wa Kondoa, lori la mwisho likapangiwa Ijumaa, na Mratibu akawa anapita mlangoni akikohoa.

"Hiyo ndogo," akasema Lameck.

Alichofanya nitakieleza polepole maana mnakifanya mpaka leo. Alitengeneza jina jipya, la toleo la pili, akalielekeza kwenye faili la toleo la kwanza. Ni kumvalisha mtoto wa darasa la kwanza sare na kumkalisha la pili. Mwalimu akiita jina, ataitika. Akiulizwa hesabu je?

Nilimwambia, "Lameck, Bwana Tesha alisema matoleo hayalingani."

"Bwana Tesha yuko Moshi anakula ndizi. Tazama."

Akaiwasha. Ikawaka. Tukafanya jaribio, na kwenye simu ya upepo jaribio siku zote ni salamu; hakuna aliyewahi kujaribu redio kwa jambo lingine. Tukaandika: Habari za asubuhi, Mpwapwa. Mpwapwa wakajibu: Nzuri, za huko. Mratibu akapiga makofi. Lameck akageuka, akanitazama mimi, siyo kompyuta.

"Inakubali," akasema.

Siku ileile Mratibu alitoa agizo: kuanzia sasa oda za dawa ziende kwa kompyuta tu, na ujumbe uwe wa kikazi, salamu hapana, zinamaliza betri za zahanati. Hakutaja jina, ila wote tulijua ni nani anayesemwa.

Alikuwa ni Nesi Mwanaidi wa Busi. Mama wa Kirangi, mtu mzima, tuliyefahamiana naye zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Kwake salamu za mwanzo ni hodi tu. Salamu zenyewe ni za mwisho, baada ya shughuli, na humo alikuwa anamtaja kila mtu, na ugonjwa wa kila mtu, na kama ng'ombe wa fulani alipatikana. Mratibu alikuwa akizisikiliza akitazama saa. Simlaumu sana, betri ile ilikuwa inachajiwa kwa jua, na jua lina siku zake.

Jumatano oda ya Busi ikafika kwenye kompyuta. Safi, herufi zimenyooka, hakuna mkwaruzo. Vidonge vya malaria, dawa ya kuharisha, mafuta ya macho, glavu, pamba, bandeji. Nukta. Basi.

"Umeona ustaarabu?" Lameck akasema. "Mwanaidi katii."

Mratibu akafurahi akaipeleka bohari, wakaanza kufunga maboksi.

Mimi nilibaki nimeshika nakala yangu. Nilijiambia, katii, Seche, agizo ni agizo. Nikajiambia, na wewe ni nani, fundi anasema imekubali, umesoma wapi hayo? Kisha nikakumbuka kwamba Nesi Mwanaidi alikuwa anamsalimu hata mtu aliyegombana naye, tena huyo ndiye alimsalimu zaidi. Mtu wa namna hiyo angeweza kuzipunguza. Kuziacha kabisa? Nikamfuata Lameck.

"Huu ujumbe umekatika."

"Umekatika wapi? Nukta ile pale. Kitu kikikatika kinakatika katikati ya neno, mama, kama kamba. Huu umekwisha."

"Hakuna salamu."

Akacheka, akawaita na wapakiaji waje wacheke. "Jamani, njooni! Dada Seche anapima kompyuta kwa salamu! Tumpe na ubani?"

Wakacheka. Kusema haki, ningekuwa wao ningecheka. Niliingia chumba cha redio nikafunga mlango. Oda kwa sauti zilikuwa zimekatazwa. Kuuliza hali hakukukatazwa.

"Busi, Busi, Dodoma hapa. Ova."

"Dodoma nakupata. Asalamu aleikum Seche, mama kaamkaje, yale magoti yake? Ova."

"Anaendelea. Nesi, oda yako imefika. Inaishia kwenye bandeji. Hukunisalimu. Ova."

Mikwaruzo. Nikadhani nimempoteza.

"Sikukusalimu? Mimi? Nikuandikie wewe nisikusalimu, nimekuwa nani? Nimekusalimu wewe, na mama, na mlinzi wenu mwenye mguu mbovu, na huyo Mratibu wako asiyetaka salamu nimemsalimu mara mbili ili azoee! Ova."

"Na baada ya bandeji, kabla ya salamu, uliandika nini? Ova."

"Si ndiyo jambo lenyewe hilo? Sindano za wazazi, za kuzuia damu. Zimekwisha, Seche. Nina wajawazito hapa wa kuzaa mvua hii, na mto ukijaa simtoi mtu. Hayo ya bandeji nilikuwa natanguliza. Mtu huingii nyumba ya watu ukaanza na shida kubwa. Ova."

Sikumjibu kwa taratibu ya redio. Nilitoka mbio.

Tulikuja kuelewa baadaye. Programu ile inagawa ujumbe mrefu mafungu, na kila fungu linaishia mwisho wa mstari. Maktaba ya zamani ilibanua fungu la kwanza, ikaona imemaliza kazi, na yaliyobaki yakatupwa bila kulia. Ndiyo maana kila kitu kilionekana safi. Salamu ya Mpwapwa ilikuwa fungu moja, tena lisilojaa. Na Busi, kwa adabu ya kwao, ombi kubwa lilikuwa mwisho.

Lameck alikuwa uani, juu ya lori, anakaza kamba. Nikamwambia nilichosikia. Kwanza alisema, "Lakini Mpwapwa ilikubali." Nikamjibu Mpwapwa walisema nzuri, za huko, hata kasuku anajua hayo. Hakubisha tena. Nilitegemea abishe, na kwa kuwa naandika kwa haki niseme: alifungua kamba aliyokuwa ameikaza, akaenda mwenyewe kwa Mratibu, akamwambia, "Ujumbe wa Busi umekatwa na mashine yangu." Hakusema mashine ya wafadhili. Kisha akalijaza barafu kasha la chanjo, akaziweka sindano humo zisiharibiwe na joto, na kasha akaliweka kwenye kiti cha mbele karibu na dereva. "Hili usiliweke chini," akamwambia dereva. "Likiruka na wewe ruka." Na oda zote zilizopita kwenye kompyuta nilisomewa upya kwa sauti redioni, Mratibu akiwa amesimama nyuma yangu bila kutazama saa.

Lori lilipita mto kabla haujajaa. Sitasema tuliokoa mtu. Sikuwepo Busi, na wanaopenda kusema hivyo kwa kawaida nao hawakuwepo. Nesi alisema sindano zilitumika. Hilo ndilo ninalolijua.

Bwana Tesha alirudi, na maktaba ya toleo la pili ikaja na kondakta wetu. Tukaijenga, tukaiweka, tukawasha programu. Ikalia kwamba maktaba haipo. Lameck mkono ukamwasha. Nikauona unakwenda kutengeneza jina lingine.

"Weka chini huo mkono," Bwana Tesha akasema. "Jirani kahamia nyumba ya pili. Wewe unagonga ya zamani, unarudi unatangaza msiba."

Na ilikuwa hivyo. Maktaba mtu anayoijenga mwenyewe mara nyingi inakaa kwenye nyumba yake tofauti, na mashine haitazami huko mpaka uiandike nyumba hiyo mahali inaposoma anwani, kisha uiamuru izisome upya. Amri mbili. Bwana Tesha alimwachia Lameck aziandike, naye akasimama nyuma yake, mdomo umefungwa, jambo lililomgharimu sana.

Programu ikawaka. Mratibu akataka tujaribu na Mpwapwa.

"Hapana," Lameck akasema. "Tunajaribu na Busi." Akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Nesi, shikamoo. Ni Lameck. Tuma salamu. Zote ulizo nazo, usibakize. Ova."

"Marahaba baba. Zote? Utaweza? Ova."

Zilichukua muda kuja. Tulisimama mbele ya kioo cha kompyuta tukizisoma zikishuka: mimi, mama na magoti yake, mlinzi na mguu wake, Bwana Tesha na likizo yake, kondakta ambaye hakuwahi kumwona, Mratibu mara mbili. Mpaka mstari wa mwisho: Na fundi Lameck aliyenikatia salamu, mwambieni nimemsamehe, asirudie.

Lameck aliusoma mara nyingine, midomo ikicheza.

"Imefika," akasema.

Agizo la Mratibu halikufutwa rasmi, wakubwa hawafuti. Lilikuja jingine tu, kwamba kila ujumbe umalizike kwa salamu. Watumishi waliokuja baadaye walidhani ni adabu za misheni.

Basi vijana, hayo ndiyo niliyonayo. Pengine mashine zenu zimepita huko, na mtanicheka kama wapakiaji walivyonicheka. Mnayo haki. Ila msinijaribie programu kwa neno fupi.

Nawasalimu nyote mnaobandika, na walimu wenu wanaowaona na kunyamaza. Nawasalimu mliosoma maelezo ukurasa wa kwanza. Najua mnatosha kwenye benchi moja. Mkipita Kibaigwa msalimieni Lameck, ana duka la simu, bado anasema hiyo ndogo, lakini siku hizi anasema baada ya kusikia swali. Nesi Mwanaidi msinisalimie, huyo nampigia mwenyewe. Na yule mpangaji mwenzangu msalimieni zaidi ya wote, mumuulize kwa niaba yangu: ile programu yake imefika, au inakubali tu?